Vagoni ndogo na vagoni ya kweli: namna ya kuzikusanya na kuzilinganisha

Hapa Bel-Air, kama katika mitaa mingine ya Lubumbashi, mtoto hangojei pesa za duka ili apate gari la kuchezea. Anatafuta waya, kopo la maziwa ao la samaki, vifuniko vya chupa na kipande cha sapatu iliyokatika, kisha anatengeneza mwenyewe. Mara nyingi anatengeneza lori, juu malori njo anayaona kutwa nzima. Mwingine anaunga makopo matatu ao mane kwa kamba, na tayari iko treni.

Mbali na hapa, katika Ulaya, Marekani, Japani na hata Afrika Kusini, kuko watu wazima wanaofanya kazi ya namna hiyo kwa uangalifu mkubwa. Wanakusanya vagoni ndogo za mizigo, wanazipanga mezani, kisha wanazilinganisha na vagoni za kweli: urefu, rangi, herufi, magurudumu, hata mahali pa kila msumari. Katika habari hii tunaeleza kazi hiyo inafanywa namna gani, na juu ya nini inatuhusu sisi wa Katanga, mji wetu ukiwa ulikua kwa njia ya treni.

Kipimo njo mwanzo wa yote

Vagoni ndogo yenye thamani inatengenezwa kwa kipimo. Kipimo kinasema vagoni ya kweli imepunguzwa mara ngapi. Kile kinachopendwa zaidi duniani ni 1 kwa 87, kinachoitwa HO. Maana yake, kitu cha sentimeta 87 kwenye treni ya kweli kinakuwa sentimeta 1 kwenye treni ndogo. Vagoni ya meta 12 inakuwa karibu sentimeta 14, inaingia mkononi. Kuko pia kipimo cha N, 1 kwa 160, kwa wale wasio na nafasi nyumbani, na vipimo vikubwa kwa wale wanaoweka treni zao katika bustani.

Kazi hii haikuanza jana. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza treni za kuchezea zenye njia zake mwaka wa 1891. Katika Uingereza, Hornby alianza treni zake mwaka wa 1920. Mwaka wa 1935 wapenzi wa treni ndogo wa Marekani waliunda chama chao, NMRA, ili vitu vya kampuni mbalimbali vipatane: vagoni iliyonunuliwa hapa itembee kwenye njia iliyonunuliwa kule.

Mwenye kukusanya vagoni anajiuliza maulizo matatu kila mara. La kwanza: vagoni hii ilikuwapo kweli, ao fundi aliiwaza tu? La pili: vipimo vyake ni sawa? La tatu: rangi na herufi zake zinapatana na mwaka unaotajwa? Ulizo la tatu linaangusha wengi. Kiwanda kikishatengeneza umbo moja, kinapenda kulipaka rangi za kampuni kumi, hata kama tano kati yao hazikuwa na vagoni ya namna ile. Inapendeza macho, lakini haisemi ukweli wa kampuni hiyo.

Njia yetu ni ya milimeta 1067

Ukitaka kulinganisha vagoni ndogo na vagoni ya Lubumbashi, anza na njia yenyewe. Upana kati ya reli mbili, ukipima kwa ndani, hapa kwetu ni milimeta 1067. Katika sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani ni milimeta 1435. Tofauti hiyo ya karibu sentimeta 37 inaonekana mara moja ukiijua.

Juu ya nini tuko na 1067? Kwa sababu treni ilitufikia kutoka kusini, na huko kusini mwa Afrika njo upana uliokuwa unatumika. Reli ilivuka mpaka ikaingia Sakania mwezi wa 12 mwaka wa 1909, ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mwaka uliofuata kiwanda cha Union Minière kando ya mto Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba, kikitumia makaa yaliyoletwa kwa vagoni toka Wankie, katika Zimbabwe ya leo. Reli iliendelea kaskazini mpaka Bukama mwaka wa 1918, kisha Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka wa 1928. Upande wa magharibi iliungana na reli ya Benguela kwa njia ya Dilolo mwaka wa 1931, ikafungua mlango wa bahari ya Lobito.

Kongo nzima haikuwa na upana mmoja. Reli ya kwanza ya Matadi mpaka Léopoldville, iliyomalizika mwaka wa 1898, ilikuwa nyembamba sana, ikapanuliwa baadaye kufikia 1067. Reli ya Vicicongo, kule kaskazini-mashariki, ilikuwa ya milimeta 600. Ile ya Kabalo mpaka Kalemie ilikuwa ya milimeta 1000, ikapanuliwa katika miaka ya 1950 ili iungane na ya Katanga. Majirani nao wako na yao: reli ya zamani ya Mombasa mpaka Uganda na Reli ya Kati ya Tanzania ni za milimeta 1000, lakini TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ni 1067. Kwa hiyo vagoni ya Lubumbashi inaweza kupita Zambia na kufika Dar es Salaam bila kushusha mzigo njiani. Ikifika Dar, haiwezi kuingia kwenye reli ya milimeta 1000 inayokwenda Kigoma.

Sasa fanya hesabu. 1435 ukigawanya kwa 87, unapata milimeta 16,5. Njo upana wa njia ya HO inayouzwa dukani. Lakini 1067 ukigawanya kwa 87, unapata karibu milimeta 12. Kwa hiyo ukichukua vagoni ndogo ya Ulaya, ukaipaka rangi ya SNCC na kuiweka kwenye njia yake ya milimeta 16,5, miguu yake itakuwa imepanuka kupita ya kwetu.

Wapenzi wa treni wa nchi zenye njia ya 1067 wamepata namna kadhaa za kutatua jambo hilo:

- Kutumia njia ya milimeta 12 kwa kipimo cha 1 kwa 87.
- Kubakiza njia ya milimeta 16,5 ya dukani, lakini kujenga vagoni kwa kipimo cha 1 kwa 64. Hapo upana unarudi kuwa sawa.
- Kutumia njia ya milimeta 9, ile ya N, na kujenga vagoni kwa 1 kwa 120.

Wale wasiojali sana wanabakia na kosa lao kwa amani. Hata Waingereza wanafanya hivyo tangu zamani: kipimo chao cha OO kina miili ya 1 kwa 76 juu ya njia ya milimeta 16,5. Ukirudisha hesabu, njia yao inakuwa ya milimeta 1257 hivi, kumbe ya kweli ni 1435. Wanajua, na wanaendelea kucheza.

Aina za vagoni za mizigo

Umbo la vagoni linatokana na mzigo wake. Ukijua aina tano hizi, utatambua karibu treni yote inayopita.

*Vagoni ya kufunikwa.* Iko na kuta, paa na milango ya kusukuma pembeni. Inabeba vitu visivyopenda mvua wala mikono ya wezi: unga, mahindi, sukari, simenti ya mifuko.

*Tombero.* Iko na kuta nene lakini haina paa. Inabeba makaa, mawe ya madini, mchanga. Kuta zake zinaimarishwa kwa mbavu za chuma kwa nje, juu mzigo unazisukuma toka ndani.

*Vagoni ya sahani.* Ni sakafu tu, bila kuta. Inabeba mbao ndefu, mashini, reli zenyewe, na siku hizi kontena. Shaba inayotoka Kolwezi kwenda Lobito kwa njia ya Angola inapita kwa vagoni za namna hii.

*Siterne.* Ni pipa kubwa lililolala juu ya chasi. Inabeba mafuta ya mazuti, petroli, ao asidi ya viwanda.

*Tremi.* Inafanana na tombero, lakini tumbo lake linateremka kama faneli, na mlango uko chini. Mzigo unashuka wenyewe kwa uzito wake.

Vagoni ndogo ikitengenezwa vizuri inaonyesha sababu hizo. Fundi aliyeweka mbavu za tombero kwa ndani amenakili picha bila kuelewa kazi ya vagoni.

Kusoma vagoni

Vagoni ya kweli imeandikwa mwili mzima. Anza na herufi za mwenye nayo, maana zinasema umri. BCK ni kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906. KDL ni jina lililokuja mwaka wa 1952, kutoka maneno Katanga, Dilolo na Léopoldville. Mwaka wa 1974 mashirika ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ. Nchi ilipoacha jina la Zaïre mwaka wa 1997, Z ikageuka C, ikabakia SNCC mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya vagoni yenye herufi SNCC na kukuambia ni ya mwaka wa 1965, unaweza kumjibu bila kuogopa. Kumbuka pia kwamba vagoni inaishi kuliko jina: rangi mpya inapakwa juu ya ile ya zamani, na pengine herufi za kwanza zinaonekana bado chini yake.

Kisha tafuta tara. Hiyo ni uzito wa vagoni ikiwa tupu. Kando yake kunaandikwa mzigo inaoruhusiwa kubeba. Ukijumlisha namba hizo mbili, unajua uzito unaokalia reli.

Angalia magurudumu. Vagoni fupi za zamani ziko na manne tu. Zile ndefu ziko na boji mbili, kila boji magurudumu manne, na boji inageuka kidogo ili vagoni ipite kona. Angalia pia ukingo wa gurudumu upande wa ndani: ule njo unaishika reli. Vagoni nyingi za waya za watoto wetu ziko na gurudumu la lori, bila ukingo. Kama unataka iwe treni kweli, bandika kifuniko kikubwa na kidogo pamoja, kikubwa kiwe ndani. Hapo umepata ukingo.

Mwisho angalia kiungo. Vagoni za Ubelgiji na Ufaransa ziko na kulabu katikati na sahani mbili za kugongana pembeni. Za kwetu ziko na kiungo kimoja cha katikati, kinachojifunga chenyewe kama vidole vya mikono miwili vinavyoshikana. Namna hiyo ilitokana na kazi ya Mmarekani Eli Janney, mwaka wa 1873. Kwa hiyo, ijapo reli yetu ilisimamiwa na Wabelgiji, kwa kiungo vagoni ndogo ya Marekani inafanana na ya Lubumbashi kuliko vagoni ndogo ya Ubelgiji.

Kupima bila kugusa reli

Hauna lazima ya kuingia kwenye reli na mita mkononi. Njia rahisi ni kontena. Kontena ya futi 20 ni sawa duniani kote: meta 6,06 kwa urefu, meta 2,44 kwa upana, na ile ya kawaida meta 2,59 kwa kimo. Ziko nyingi Lubumbashi, hata zile zilizogeuka duka ao depo. Ukiona kontena juu ya vagoni, ao picha yake, hiyo inakuwa rula yako. Kama sakafu ya vagoni inapita urefu wa kontena mbili kidogo tu, unajua iko na zaidi kidogo ya meta 12.

Kwa fundi wa waya na makopo, kipimo cha 1 kwa 20 ni kizuri, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila meta inakuwa sentimeta 5. Kontena inakuwa na urefu wa sentimeta 30, upana wa 12 na kimo cha 13. Vagoni ya meta 12 inakuwa sentimeta 60. Njia ya 1067 inakuwa milimeta 53. Kijana wa shule ya sekondari anaweza kufanya hesabu hiyo kwenye daftari, na pale atakuwa amejifunza mgawanyo kwa kitu anachokiona.

Uzito haufuati urefu

Kuko jambo moja linaloshangaza wengi. Ukipunguza urefu mara 20, uzito haupungui mara 20. Unapungua mara 20 kwa urefu, mara 20 kwa upana, mara 20 kwa kimo: yaani mara 8000. Vagoni tupu ya tani 20 ingekuwa kilo 2 na nusu. Katika HO ingekuwa gramu 30 tu. Lakini vagoni ya gramu 30 inaruka toka njiani kwa kitu kidogo. Ndiyo maana NMRA inashauri kwamba vagoni ya HO ya sentimeta 14 iwe na karibu gramu 105, na wakusanyaji wanaweka kipande cha chuma chini ya sakafu, chini kabisa. Wakikiweka juu, vagoni inapinduka kwenye kona.

Sheria hiyo ya meza njo sheria ya reli ya kweli. Uzito ukiwa chini, vagoni inatulia. Uzito ukipanda juu, vagoni inayumba. Hapa njo vagoni ndogo inaanza kuzungumza juu ya maisha yetu.

Kwenye meza za wakusanyaji wa Ulaya, juu ya vagoni ya mizigo hakuna mtu. Kwetu watu wako: juu ya paa, ndani ya tombero, katikati ya mifuko, kwa sababu treni ya abiria inakawia na barabara ni mbaya ao ni ghali. Mwezi wa 11 mwaka wa 2017, treni ya siterne za mafuta iliyotoka Lubumbashi kwenda Luena ilianguka katika Lualaba ikawaka moto. Zaidi ya watu 30 walikufa. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka wa 2022, treni ya mizigo ilitoka njiani huko Buyofwe, katika teritware ya Lubudi. Watu wasiopungua 60 walikufa, na wengi wao walikuwa wamepanda vagoni za mizigo.

Kila ajali ina sababu zake: reli iliyochakaa, mteremko, freni, mwendo. Hatuwezi kuzieleza zote kwa kopo na waya. Lakini mtu aliyejifunza vagoni imejengwa kwa ajili ya nini anajua pia kile ambacho haikuwekewa. Siterne haina mahali pa kushika. Tombero haina kiti wala mlango wa kutokea. Paa halina ukingo. Mwalimu ao mzazi anaweza kumwonyesha mtoto jambo hilo mezani: weka mawe madogo juu ya vagoni yake ya waya, ivute kwa haraka kwenye kona, kisha weka mawe yaleyale sakafuni, uivute tena. Mtoto ataona mwenyewe.

Kabla ya mitraye

Vagoni za zamani haziishi milele. Zinazeeka kwenye njia za pembeni, zinapata kutu, na mwishowe zinakatwa na kuuzwa kuwa mitraye. Nchi nyingine zimeweka kando baadhi yao: Nairobi iko na makumbusho ya reli tangu mwaka wa 1971, na Livingstone, kule Zambia, iko na yake. Vagoni ikikwisha kukatwa, kinachobaki ni picha, karatasi, vagoni ndogo iliyotengenezwa kwa uangalifu, na kichwa cha mzee aliyeitumikia.

Wazee hao wako kati yetu. Katika mitaa ya Kampemba na kwingineko kuko papa waliofanya kazi BCK, KDL, SNCZ na SNCC: mafundi wa karakana, watu wa freni, wakuu wa gari, waandishi wa depo. Kwa kijana anayetaka kuanza mkusanyo wake, ziara ya kwanza ifanyike kwao. Mpe heshima yake, keti, mwonyeshe vagoni yako, umwombe akuonyeshe mahali ulipokosea. Atashika waya ule na kusema: freni ya mkono haikai hapa, inakaa pale. Andika.

Kwa kila vagoni, andika mambo haya katika daftari moja: aina yake, herufi na namba, tara na mzigo, hesabu ya magurudumu, namna ya kiungo, rangi ya zamani na ya sasa, mahali ilipoonekana, tarehe, na jina la mzee aliyekueleza kama anakubali liandikwe. Chora picha ya upande na picha ya mwisho wa vagoni. Karatasi hiyo njo itakuwezesha kuijenga hata ikiwa vagoni yenyewe haiko tena.

Maonyo mawili ya mwisho. Usipige picha kwenye gare, karakana ao kando ya njia bila kuomba ruhusa kwa wakubwa wa pale: simu yako inaweza kuchukuliwa. Na usiingie kati ya vagoni zilizosimama, wala kupita chini yake, hata kama hauoni lokomotiva. Vagoni inasukumwa toka mbali, na anayekuwa katikati hapati nafasi ya kusikia. Mambo yote tuliyoyataja hapa yanaonekana ukiwa umesimama pembeni.